Mbunge Aliyelala Mlangoni

Mbunge wetu alihutubia vizuri zaidi akiwa amechomekwa pini. Nalijua hilo kwa sababu baba yangu ndiye aliyekuwa fundi wake wa nguo, na kabla ya kila kikao cha Bunge alikuja dukani kwetu Hell-Ville kupimwa upya koti lilelile. Alikuwa na suti moja, nyeusi. Akiwa nyumbani, kisiwani kwetu Nosy Be, alinenepa, akienda vikaoni alikonda, kwa hiyo baba alikuwa akiibana na kuiachia, akiibana na kuiachia, mpaka mishono ya kiunoni ikawa kama barabara ya Ambanoro baada ya mvua.

Akishapanda kwenye kigoda cha kupimia, alinyoosha mikono kama sanamu ya kufukuzia ndege shambani, akavuta pumzi, akaanza: Mheshimiwa Spika. Baba alikuwa na pini mdomoni, hawezi kujibu. Nadhani ndiyo maana Mbunge alimpenda.

"Fundi, umeisikia hoja yangu?"

"Mmh."

"Mmh ya ndiyo au mmh ya hapana?"

"Mmh."

"Basi hivyo hivyo ndivyo anavyonijibu waziri."

Pini zikishatoka, zamu ilikuwa ya baba. Baba alikipigia kura chama cha serikali na hakuficha. Alisema uhuru bado mchanga, mtoto mchanga hapigwi makofi. Mbunge alijibu kwamba mtoto mchanga asiyekemewa ndiye anayekuja kuwa mwizi. Walibishana hivyo huku baba akimvua koti mkono mmoja mmoja, kwa upole kabisa, kama anamvua bwana harusi. Baba alimshonea pia mkuu wa wilaya. Watu wakimuuliza yuko upande gani, alisema yeye yuko upande wa bitana.

Mimi nilikaa nyuma ya cherehani nikishona tundu za vifungo. Naandika haya kwa Kiswahili alichonifundisha bibi pamoja na sala, lakini wao wawili walizungumza Kisakalava, na Kifaransa wakikasirika. Nilikuwa mtoto wa haya, na bado ni mtu wa haya. Mgeni akiingia natazama miguu yake. Kwa hiyo uso wa Mbunge nilichelewa kuujua, lakini viatu vyake ningevitambua popote: vya kahawia, kimoja kina kamba nyeusi na kingine kamba ya kahawia, maana hakuwahi kukumbuka kununua mbili zinazofanana.

Mfukoni alibeba peremende za mnanaa. Hakumpa mtoto peremende bila swali. Hakutaka shikamoo, hakutaka usome Fatiha, hakutaka uimbe wimbo wa taifa. Alitaka umuulize. Watoto wa mtaani walimjua, wakimwona tu wanapiga foleni. Mbona bahari ina chumvi? Mbona una tumbo na mke wako hana? Spika akitaka kwenda chooni anamwomba nani ruhusa? Alijibu yote, na asilolijua alisema "sijui" kwa sauti kubwa kama mtu anayetangaza ushindi. Akifika kwangu aliinama kidogo.

"Binti wa fundi, swali?"

Nilitikisa kichwa. Basi aliweka peremende juu ya meza ya cherehani, karibu na mkasi. "Hii nakupa. Swali lake utaniletea." Ilikuwa hivyo miaka yote. Nilikula peremende nyingi sana, na swali sikuleta hata moja.

Sitaki mtu adhani alikuwa mkamilifu. Alikuwa mchelewaji kupita kiasi. Baba alimwambia saa mbili ili aje saa nne. Alipinga kila kitu, hata wali: mama akisema umeiva, yeye anasema bado una kiini, halafu anakula sahani mbili. Na ahadi zake mwenyewe alizisahau. Alimwahidi bibi tende za Mahajanga. Alikwenda na kurudi vikao na vikao, kila mara anajipiga paji la uso mlangoni. Bibi alikufa akimcheka. Mama ndiye aliyesema neno ambalo sisi nyumbani tulilirudia: "Yule anashika ahadi za wenzake tu."

Na aliogopa bahari. Mtu wa kisiwani, baba yake na babu yake watu wa vyombo, lakini yeye akiikanyaga tu ngazi ya meli ya pwani anabadilika rangi. Safari ya kwenda Bungeni ilianza kwa meli hiyo hadi Mahajanga, ndipo apande ndege kwenda mji mkuu, Antananarivo. Alisafiri amelala chali sitahani na ndimu puani. Mabaharia walimruka kama gunia. Alisema serikali ingejua inavyomgharimu kufika kuiuliza maswali, ingemhurumia ikamjibu. Bungeni kwenyewe wapinzani walikuwa wachache. Alisema wangeenea kwenye gari moja na bado pangebaki nafasi ya mbuzi.

Sasa niseme habari ya shule, kwa sababu bila shule hiyo mimi nisingekuwa na la kuandika.

Nilipomaliza shule ya msingi hapakuwa na sekondari kisiwani kwetu. Waliofaulu walivuka kwenda Mahajanga, na baba hakutaka kusikia habari ya kumvusha msichana wa umri ule. Lakini serikali ilikuwa imeahidi sekondari nje kidogo ya Hell-Ville, njia ya Ambanoro, na kuta zilikuwa zimeshasimama. Kuta tu. Pembeni mwa duka letu palikuwa na cherehani ya pili, imefunikwa shuka. Baba hakuwahi kuniambia ni ya nani. Siku moja tu, akipita na pasi, alisema, "Shule ikifunguliwa mwakani utakwenda. Isipofunguliwa, nitaitoa ile shuka." Toka siku hiyo nikawa naitazama ile shuka kama watu wanavyotazama wingu.

Basi siku ikatangazwa ya kufungua shule. Tukaenda wote na nguo za sikukuu. Kulikuwa na ngoma, na masufuria ya wali yanatoa moshi nyuma ya ukuta, na utepe mwekundu mlangoni. Kulikuwa na kila kitu isipokuwa paa. Walisema paa liko njiani, lakini tarehe ya sherehe ilikwisha pangwa, na mpiga picha alikwisha kuja. Wakamwambia mpiga picha asimame karibu ili juu pasionekane.

Hapo mkuu wa wilaya akafanya kosa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mcheshi, na siku hiyo alikuwa na furaha. Watu wa kwao na watu wa kwa Mbunge ni watani. Sisi huku tunasema ziva. Watani wanatukanana bila kukasirika, na kwenye maziko mtani anaweza kulala ndani ya kaburi akakataa kutoka mpaka apewe anachotaka, na wafiwa hawana ruhusa ya kununa. Lakini mkubwa wa serikali akiwa amevaa kofia yake ya kazi, utani unaachwa nyumbani, hakuna anayemgusa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeufungua. Alimwona Mbunge anafika amechelewa, jasho linamtoka, akasema mbele ya watu wote, "Tazameni mtumwa wangu huyu. Kwenye kazi haonekani, wali ukinukia anafika."

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Nilimsikia akisema polepole, "Lo, kaufungua."

Mbunge alivua viatu, akaviweka kando sambamba. Akavua koti, akampa baba alishike. Kisha akapita chini ya utepe, akalala chali mlangoni, nusu ndani nusu nje, mikono kifuani kama maiti.

Ngoma ikanyamaza. Mkuu wa wilaya alikuwa na mkasi mkononi. Angemwita askari, angekuwa mtu wa kwanza ukoo mzima kumshitaki mtani wake, na wazee wa kwao walikuwa palepale wanamtazama. Angemruka, haifai kumruka maiti.

"Ondoka, bwana," alisema, bado anatabasamu. "Unataka nini? Mbuzi?"

"Mbuzi ninaye."

"Unataka nini basi?"

"Nimelala hapa naona kunguru," alisema Mbunge, macho juu. "Kunguru ananitazama. Kaburi gani hili lisilofunikwa? Nifunike, mtani. Nifunike kwa mabati."

Sasa watu walicheka mpaka kina mama wakashikana mabega. Mkuu wa wilaya naye akacheka, afanye nini. Akasema mbele ya wazee kwamba mabati atapata, kabla ya mvua za mwakani, neno lake ni neno la mtani. Mbunge akainuka, akajikung'uta, akawageukia watu. Kwa sababu ya raha aliyokuwa nayo akaongeza: "Yeye ataleta mabati. Na madirisha nitaleta mimi." Tukapiga makofi. Mama hakupiga. Alinitazama tu, akainua nyusi.

Utepe ukakatwa, wali ukaliwa. Mabati hayakuja. Siwezi kusema mkuu wa wilaya alidanganya, kwa kuwa baba, aliyempima suruali kila mwezi, alisema mtu yule aliandika barua na kuandika mpaka akaona haya kukutana na wazee wa kwao. Alijibiwa kwamba mabati yameshatolewa. Yalipotelea wapi hakuna aliyejua, na mvua zikakaribia, na mimi nikawa nashona tundu za vifungo haraka kuliko zamani. Siku moja baba alikunja nusu ya shuka kutia mafuta cherehani ile ya pili, isishike kutu, alisema. Nilikwenda kulia chooni.

Kikao kilipofika, Mbunge alivuka na ndimu yake. Alirudi baada ya wiki kadhaa, akaingia dukani bila kuchelewa, jambo ambalo lilitutisha. Akapanda kigodani mwenyewe, ingawa hakuna aliyemwita kupimwa.

"Tia pini mdomoni," alimwambia baba. "Wewe ndiye waziri."

Hivyo ndivyo nilivyoliona Bunge, na sijaliona kwa namna nyingine mpaka leo. Alisimulia kwamba Mahajanga, ndege ilipokawia, walimlaza kwenye nyumba mpya ya wageni wa serikali huko Amborovy, karibu na uwanja wa ndege, inayotazama ufuo. Baba alitoa pini moja kumuuliza kama mpinzani naye analala kwenye vitanda vya serikali. Mbunge alisema kitanda kilikuwa kizuri mno, hakuona sababu ya kukipinga. Asubuhi alipofumbua macho, akiwa chali vilevile, aliona juu kwamba dari bado haijawekwa. Mabati yalikuwa wazi. Na kwenye mabati, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa za bandarini, bati hili na bati lile: Shule, Nosy Be. Shule, Nosy Be.

"Sikupiga kelele," alisema. "Nilimwomba mtumishi kahawa, nikainywa nimelala, ninasoma."

Bungeni, waziri alisema shule ya Nosy Be imekamilika na ilifunguliwa kwa shangwe, na picha anayo. Wakati wa kusimulia haya Mbunge alishuka kigodani, akasimama mbele ya baba, akampa picha ya kufikirika. Baba akaipokea, akaikagua, akasema mmh. Kisha Mbunge akarudi juu, akanyoosha mikono kana kwamba bado anapimwa. Nadhani hakujua kuhutubia kwa namna nyingine.

"Mheshimiwa Waziri, mimi shule hiyo nimelala ndani yake, nikaona mbingu. Halafu nimelala Amborovy kwenye nyumba yako ya wageni, nikaona shule. Swali langu ni fupi. Watoto wa Nosy Be waende kusoma wapi, chini ya kunguru au kitandani kwako?"

Alisema hata upande wa serikali walicheka, na waziri akapekua karatasi zake. Akaahidi kushughulikia. Mbunge alisema hakukaa chini, aliuliza lini. Spika akamwambia akae. Akauliza lini. Spika akamwambia tena. Akakaa, akauliza lini akiwa amekaa.

Baba alitema pini zote kiganjani. Nilisubiri abishe, kama kawaida. Alisema, "Kwapa linakubana. Nitaliachia kidogo." Kisha akaenda kwenye ile cherehani ya pili, akaishusha shuka mpaka chini, ikaifunika yote.

Meli iliyofuata ilileta mabati. Hayakuwa yale ya Amborovy. Yale hakuna aliyeyang'oa, na wageni wa serikali waliendelea kulala chini ya jina letu. Yalikuwa mengine, mapya. Mkuu wa wilaya alisimama juani siku nzima kuhakikisha yanapigiliwa, na jioni akaenda kwa wazee wa kwao kunywa nao kahawa, uso mkunjufu. Nikaingia sekondari. Sina maneno ya kueleza siku ile ya kwanza, na sitajaribu, ila niseme kwamba mvua ilinyesha, na bati lilipiga kelele hata hatukumsikia mwalimu, na hakuna aliyelalamika.

Mlangoni waliweka kibao chenye majina ya waliojenga. La Mbunge halikuwemo. Baba, mtu wa serikali, ndiye aliyekasirika. Mwenyewe alisema jina halizuii mvua. Uchaguzi uliofuata akashindwa, na aliyemshinda alifanya mkutano wake wa mwisho ndani ya shule yetu, kwa kuwa mawingu yalikuwa mazito. Mbunge alihudhuria, akakaa nyuma, akatazama juu muda wote. Halafu yeye na mkewe wakahamia Mahajanga kwa mwana wao. Baba alibaki na kipimo chake kimeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango, na hakukifuta.

Mimi nami baadaye nikavuka. Nilikuwa mkubwa sasa, na shangazi yangu Mahajanga alikuwa na chumba, na baba alisema msichana aliyefika mpaka hapa haachwi njiani. Jumapili shangazi alipenda kwenda Amborovy kwa miguu sehemu na kwa gari sehemu, na kikapu cha sambusa. Jumapili moja, karibu na ile nyumba ya wageni, niliona viatu vya kahawia kwenye mchanga, vimevuliwa na kuwekwa kando sambamba. Kimoja kina kamba nyeusi.

Alikuwa amekaa mgongo kwa bahari, uso kwa nyumba. Amezeeka, koti linamning'inia. Mkono wangu ulitaka kulibana. Nilimwamkia kwa salamu yetu ya wakubwa, "Kwezi," nikitazama mchanga. Akaitika. Alinitazama kidogo, akaanza kutafuta mfukoni.

"Binti wa fundi," alisema. "Swali?"

Shangazi alikuwa anatandika mkeka mbali kidogo. Nilifikiria miaka ile darasani, nimekaa upande wa magharibi, mvua inaingia ubavuni kila alasiri, tunahamisha madawati katikati na kubanana kama dagaa, daftari chini ya nguo, na mwalimu anasema tuvumilie. Sikujua kama nitathubutu. Nikainua uso, nikamtazama machoni. Yalikuwa madogo kuliko nilivyodhani.

"Na madirisha?" niliuliza.

Mkono wake ulibaki mfukoni. Nilidhani nimemuudhi. Nilitaka kusema samahani, si kitu, shule ni nzuri, nilifaulu.

"Nilisahau," alisema.

Kisha akasema tena, akiliangalia lile neno kama kitu alichookota, "Nilisahau, mwanangu. Hilo tu. Sina jingine." Akaanza kucheka, akacheka mpaka shangazi akageuka. Akasema amekaa Bungeni miaka yote akimtafuta waziri wa kumjibu hivyo, kumbe alikuwa anakwenda naye na kurudi naye ndani ya koti lake. Akatoa peremende zote alizokuwa nazo, akanijazia kiganja. Alipoondoka alikuwa anaenda kwa haraka, bila viatu; nikamkimbilia navyo.

Likizo nilikwenda nyumbani. Nilimkuta baba dukani, hana pini mdomoni, ana hamu ya kusimulia. Alisema meli ya pwani ilifika na mbao nyingi zimefungwa kamba, na juu ya mbao mzee mmoja amelala chali, ndimu puani. Yalikuwa madirisha ya mbao, ya kila namna, ameyakusanya Mahajanga kwenye nyumba zinazobomolewa. Mengine ya kijani, mengine ya buluu, moja lina kioo. Hakukubali yapakiwe bila yeye. Wakayabeba kwa mkokoteni mpaka shuleni, naye nyuma anayumba, watoto wanamfuata wakimuuliza maswali naye anaashiria wangoje.

Alipofika mlangoni mwa darasa hakuweza kusimama, nchi kavu bado ilikuwa inamchezea. Akalala sakafuni palepale, nusu ndani nusu nje, wakati mafundi wanapigilia bawaba. Baba alikuwa amekuja na chaki yake. Akasimama juu yake, akamuuliza, "Mheshimiwa, safari hii unaona nini?"

Baba anasema alipitisha macho juu polepole, kama mtu anayesoma.

"Mabati," alisema.